Dawa Dar, Maudhi Msimbati

Kliniki za uzazi wa mpango zimetuachia msemo mmoja wa kiungwana: "maudhi madogo madogo." Ndivyo manesi wanavyomwambia mama anayeanza vidonge au sindano. Utapata maudhi madogo madogo, kichwa kidogo, kichefuchefu kidogo, yatapita. Msemo huo umeshahamia kwenye mazungumzo ya saratani, na huko haukai vizuri. Mtu aliyetapika usiku kucha, au ambaye mdomo umechubuka hadi mate yenyewe yanauma, hana maudhi madogo. Lakini linalonisumbua zaidi ni mahali maudhi hayo yanapomkuta. Dripu ya kemo huingia mwilini kwa saa chache, daktari na nesi wakiwa karibu. Hatari yake kubwa huja siku ya saba, ya kumi, ya kumi na nne, na siku hizo mgonjwa wa Mtwara ameshakuwa kwake, Msimbati au Kitaya au Mahurunga, mwendo wa kilomita 600 hivi kutoka kwa aliyemwandikia dawa.

Ukiitazama tiba ya saratani ukiwa mdomoni mwa Ruvuma, hilo ndilo jambo la kwanza unaloliona. Dawa inatolewa Dar, matokeo yake yanalelewa kijijini. Na tukio linaloitwa "tiba imemkataa" mara nyingi ni tiba iliyokosa mlezi katika wiki tatu zilizo kati ya dripu moja na nyingine.

Kituo kikuu cha kazi hii nchini ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopo kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Kusini kuna hospitali ya mkoa ya Ligula, kuna Ndanda ya Wabenediktini, na sasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Hizi zimepunguza safari nyingi za vipimo na upasuaji. Hata hivyo, saratani hailiwi na kisu peke yake. Huhitaji pia dripu, na mara nyingi mionzi, na mashine za mionzi ziko katika miji michache ya mbali, kama Dar na Mwanza. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, hupewa mionzi kwa wiki tano au sita pamoja na dripu ya kila wiki, kwa hiyo huhamia Dar kabisa, kwa ndugu wa Mbagala au Temeke kama anao. Mwenye saratani ya matiti hupewa dawa kila baada ya siku 21, naye huenda na kurudi. Gesi ya Mnazi Bay husafiri kwa bomba hadi Kinyerezi bila kuulizwa nauli. Mwenye nyumba jirani na visima vyake hupanda basi.

Tumchukue huyu wa pili, mwenye saratani ya matiti, kwa mfano. Ni mama wa miaka 50 hivi wa Msimbati, ana mikorosho michache, na mume wake ni mvuvi. Ameandikiwa mizunguko minne ya dawa mbili. Ya kwanza ni doksorubisini, ile ambayo wagonjwa wenyewe huiita "nyekundu" kwa sababu ndivyo ilivyo ndani ya bomba la sindano. Ya pili ni saiklofosfamidi. Ukoo wa hii ya pili unaanzia mbali: mwaka 1942 madaktari wa Marekani walimjaribia mgonjwa wa saratani dawa ya jamii moja na gesi ya haradali, sumu iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya kugundua kwamba sumu hiyo huzifuta chembe nyeupe za damu. Dawa ya moto ni moto, wahenga walishasema. Tusisahau tu kwamba moto hauchagui. Kemo huua chembe zinazojigawa haraka, na zaidi ya uvimbe wenyewe, zinazojigawa haraka mwilini ni mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Orodha nzima ya maudhi inatoka hapo. Si bahati mbaya, wala si dalili kwamba dawa imeingia vibaya.

Siku ya kwanza, kabla hajatoka hata getini, mama huyu anakojoa mkojo mwekundu. Asipoambiwa mapema kwamba hiyo ni rangi ya dawa na itaisha kwa siku moja au mbili, ataamini anatoka damu, na hofu hiyo ataibeba hadi nyumbani. Siku ya pili au ya tatu yuko kwenye basi, mfuko wa plastiki mkononi. Kichefuchefu cha dawa hizi kinajulikana na kina dawa zake, ondansetroni na deksamethasoni, na kanuni ni moja: zinamezwa kwa saa, kabla ya kutapika. Wengi huzihifadhi "hadi nitakapozidiwa", kwa tabia yetu ya kubana vidonge, na wakizidiwa vidonge haviwezi tena kukaa tumboni. Ajue pia kwamba ondansetroni hufunga choo. Akifika kwake anahitaji maji mengi, papai na ubuyu, na kama siku tatu zimepita bila choo aseme, asione haya.

Sasa mtazame jikoni kwake. Binti ameamka alfajiri, amepika uji wa lishe, ameutia nazi na karanga, anauleta ukitoa moshi. Mgonjwa haulizwi uji. Mama anageuza uso ukutani.

"Mama, kunywa japo vijiko viwili."

"Mwanangu, nitolee hiyo harufu hapa."

Binti anaona dharau, au anaona mama amekata tamaa ya kuishi, naye analia pembeni. Kilichotokea ni harufu tu. Mvuke wa nazi, mafuta yaliyoungua, dagaa wanaoanikwa uani, vyote vilivyokuwa nyumbani jana leo vinapindua tumbo. Mgonjwa wa kemo lazima aulizwe uji, na kila siku upya, maana alichokipenda jana leo hakitaki. Chakula kilichopoa hunusa kidogo kuliko cha moto. Uji uliopoa, ming'oko ya kuchemsha iliyokaa, kipande cha muhogo, dafu, vyote kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, hupita pale ambapo sahani ya wali na changu imeshindwa. Ndimu ya kulamba au tangawizi humsaidia mtu siku ya tatu. Siku ya tisa, mdomo ukishachubuka, ndimu ileile inamchoma kama kaa la moto. Hapo kinachofaa ni kusukutua mara kadhaa kwa siku kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, yenye kijiko cha chai cha chumvi na kingine cha baking soda, kusafisha meno kwa mswaki laini, na kuweka pilipili mbali.

Baada ya hapo inakuja siku ya kumi.

Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa. Mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu, anatembea, anacheka na wajukuu, huku mwili wake hauna askari hata mmoja langoni. Bakteria wa kawaida wa mdomoni au tumboni, ambao siku zote hawana neno, wanaweza kumwangusha kwa saa chache. Ishara inaweza kuwa moja tu, homa. Na hapo ndipo pwani yetu inapomtega. Ukanda huu ni wa malaria, na kwetu homa ina jina moja. Mtu akichemka jioni, nyumba nzima imeshatoa hukumu, ni malaria, na kama kuna mabaki ya mseto kabatini, anayameza, anapewa na panadoli, anafunikwa kanga alale. Panadoli inashusha joto. Asubuhi wanasema afadhali. Jioni ya pili hasimami.

Hata akifika zahanati, kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kumpotosha aliyekishika. Kikionyesha malaria, mhudumu anaridhika. Lakini kuwa na malaria hakumzuii mtu kuwa na bakteria kwenye damu kwa wakati huohuo, na mtu mzima wa ukanda huu anaweza kubeba vimelea bila hata kuumwa navyo. Kisipoonyesha, anaandikiwa vidonge na kuambiwa arudi baada ya siku tatu. Yote mawili ni makosa kwa mtu huyu mmoja, ingawa ni utaratibu mzuri kwa wengine wote waliokaa kwenye benchi lilelile. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa aliyepata kemo ni dharura sawa na ya mama mjamzito anayetoka damu. Kanuni inayofuatwa duniani ni kuanza antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike kituoni, bila kusubiri majibu ya maabara. Malaria ipimwe na itibiwe kama ipo, lakini pamoja, si badala yake. Sindano za msulini ziepukwe kwa sababu chembe zinazogandisha damu nazo zimeshuka. Kisha safari ya Ligula au Mitengo ianze.

Mhudumu wa zahanati hana kosa kwa kutojua kama hakuna karatasi iliyomwambia. Anaona mama wa makamo mwenye homa. Mama mwenyewe anasema "natumia dawa za Dar", na wala hazijui majina. Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu katika tiba ya saratani kwa watu wa Kusini, nisingeanza na mashine. Ningeanza na kadi ngumu isiyochanika kwa maji, yenye majina ya dawa, tarehe ya dripu, siku za hatari zimezungushiwa wino mwekundu, maneno "homa ni dharura" kwa Kiswahili, na namba ya simu ambayo mtu huipokea hata usiku. Rufaa zetu hupanda vizuri, kutoka zahanati hadi taasisi. Hazijui kushuka.

Kuna kurudi nyuma kwingine ambako hakuui, lakini huvunja moyo kuliko homa. Mgonjwa amelala kwenye basi, amefika, amepanga foleni, amepimwa FBP, na jibu linatoka: damu haijatosha, rudi wiki ijayo. Nauli imekwenda, na hana pa kulala. Ni hapo wengi huhesabu kwamba wameshindwa. Kuahirishwa si kushindwa. Ni daktari kukataa kumpiga mtu aliyeanguka. Shida ni kwamba neno "damu" linabeba mambo mawili. Mgonjwa akisikia damu haitoshi, hukimbilia choya, juisi ile nyekundu ya rozela, au majani ya matembele, kwa sababu anafikiria wekundu. Mboga za majani na dagaa vinaujenga mwili, tusivikataze. Lakini mara nyingi kilichopungua ni chembe nyeupe, na hizo hazipandishwi na glasi ya choya. Hupandishwa na siku chache za kusubiri, na wakati mwingine na sindano maalumu ya kuuamsha uboho. Muulize daktari: ni nyeupe au nyekundu? Swali hilo fupi huokoa fedha nyingi za sokoni.

Kuahirisha wiki moja kwa sababu ya vipimo ni sehemu ya tiba. Kuruka mzunguko kwa sababu nyingine ni jambo tofauti kabisa. Gianni Bonadonna na wenzake wa Milan waliwafuatilia kwa miaka 20 wanawake waliopata kemo ya saratani ya matiti baada ya upasuaji, na mwaka 1995 wakaeleza kwamba waliopata walau asilimia 85 ya dozi waliyopangiwa ndio waliofaidika hasa. Waliopata chini ya asilimia 65 hawakuwa na tofauti ya maana na wale ambao hawakupewa kabisa. Maana yake ni nzito kwa mtu wa Msimbati. Nusu ya safari hailipi nusu ya faida.

Na safari za Kusini hukatika. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyobomoa barabara na madaraja upande wa Somanga, Kilwa, na kwa siku kadhaa mabasi kati ya Dar na Lindi na Mtwara hayakupita. Wenye biashara walihesabu hasara ya mizigo. Aliyekuwa na dripu wiki ile alihesabu siku. Halafu kuna korosho. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba ndipo fedha ya mwaka inapookotwa chini ya mti, na mwenye shamba akiwa Dar, nani ataziokota kabla hazijaibwa? Simlaumu anayeahirisha dripu kwa ajili ya mnada. Sera inaitaja saratani kati ya magonjwa yanayostahili msamaha, lakini msamaha wa dawa haununui tiketi, wala kumlisha msindikizaji. Lakini ratiba ya mizunguko inajulikana miezi kabla, na msimu unajulikana tangu enzi za babu zetu. Mgonjwa aulizwe siku ya kwanza: unalima nini, unavuna lini? Sijui kwa nini swali hilo halimo kwenye fomu.

Mwezi wa sita na wa saba kuna jambo dogo zaidi, salfa. Vumbi lile la njano linalopulizwa mikoroshoni linawasha macho na kifua cha mtu mzima wa afya, sembuse aliyechubuka mdomo na koo. Mgonjwa asikae upande unakovuma upepo siku ya kupuliza. Akae hata kwa jirani.

Nywele nimeziacha nyuma makusudi, maana pwani yetu ina nafuu hapo. Ushungi na kofia ya kiua vimesitiri vichwa tangu zamani, na nywele huanza kurudi miezi miwili mitatu baada ya dripu ya mwisho. Kisichositirika ni viganja na kucha. Kwenye ngozi yetu, baadhi ya dawa hizi hugeuza viganja, nyayo, ulimi na kucha kuwa vyeusi kama vilivyopakwa mkaa. Daktari anaiona kama rangi itakayofifia. Mtaani inasomwa vingine. Nyusi zimepukutika, viganja vyeusi, mtu amekonda: "huyu kachezewa." Na aliyechezewa hapelekwi Ocean Road.

Ndipo njia mbadala hufunguka. Mwaka 2011 nchi nzima iliona magari yamejipanga hadi Samunge, Loliondo, watu wakisubiri kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za kila siku kwa imani hiyo. Kwetu kikombe kina sura ya majani ya mstafeli yaliyochemshwa, au unga usio na jina ndani ya chupa ya maji. Sina dharau kwa mitishamba. Vinkristini, dawa inayotibu watoto wenye saratani ya damu, hutoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ng'ambo ya bahari hii hii, ambalo siku hizi huota hata kwenye mchanga wa nyua zetu. Lakini hiyo imesafishwa na kupimwa kwa miligramu, na ikizidi kidogo inaua. Chupa ya majani haijapimwa, na ini la mtu aliye kwenye kemo tayari limebeba mzigo. Asiyeweza kuiacha basi aitaje kwa daktari. Na daktari asifoke, maana akifoka leo kesho hataambiwa.

Ugonjwa huu haukuchagua nyumba. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, na Mzee Ali Hassan Mwinyi tarehe 29 Februari 2024 kwa saratani ya mapafu. Hakuna aliyesema walichezewa.

Kwa wanaofunga Ramadhani, neno moja. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yenyewe. Baadhi ya dawa huharibu figo za mtu asiyekunywa maji, na mama anayejilazimisha kufunga kwa haya za majirani anahitaji sheikh wa mtaa aje amwambie mwenyewe, barazani, watu wakisikia.

Ipo pia siku ambayo dawa imetolewa ipasavyo, mgonjwa amevumilia, na uvimbe haujapungua. Hapo daktari hubadili dawa, na baadaye pengine hubadili lengo, kutoka kuponya hadi kumpunguzia maumivu na kumpa siku njema. Ocean Road hutengeneza mofini ya kunywa kwa ajili hiyo. Mgonjwa anayo haki ya kuambiwa lengo limebadilika. Familia zetu hupenda kumficha, naye huwa ameshajua siku nyingi, anawaficha wao kwamba anajua.

Nani basi awe mlezi wa zile siku 21? Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao ndio wanaojua mlango wa kila nyumba. Wakifundishwa jambo moja tu kuhusu kemo, wafundishwe siku ya kumi. Na hadi watakapofika, mlezi ni wewe uliye naye nyumbani. Nunua kipimajoto duka la dawa, na chukua kalenda uhesabu kuanzia siku ya dripu. Nauli ya usiku iwe imefungwa kwenye pindo la kanga na isiguswe hata kwa mboga, na dereva mmoja wa bodaboda awe ameshaambiwa mapema. Kipimajoto kikisoma 38, usimpe mseto alale. Kutoka Msimbati hadi Ligula ni kilomita 40 na kidogo. Mtoe usiku huohuo.